Nyimbo Zimerudi, Albamu Zimebaki Nje

Mwanzoni mwa 2024, RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki nchini Marekani, kilikipa kibao cha bendi ya roki ya Journey cha 1981, "Don't Stop Believin'", cheti cha platinamu mara 18, yaani hesabu ya nakala milioni 18. Oktoba ya mwaka huohuo bendi ya Foreigner ikaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la roki la Marekani, zaidi ya miaka 20 tangu itimize masharti ya kuingia. "Africa" ya Toto, ya 1982, ilikwisha kuvuka mara bilioni moja ya kusikilizwa kwenye Spotify. Kila habari ya namna hii inapotoka, maelezo huwa yaleyale mawili: kwamba watu wazima wanaukumbuka ujana wao, au kwamba zamani watu walijua kuimba na leo hawajui. Maelezo yote mawili siyakubali. Ninavyoona mimi, roki laini ya redio ya miaka ya themanini imerudi kwa sababu ya kitu kilekile ilichotukaniwa enzi zake: ilitengenezwa kwa ajili ya kifaa. Mafundi wake walijua kwamba msikilizaji yuko ndani ya gari, spika ni mbovu, dirisha liko wazi, na kidole kiko tayari kuhamisha stesheni. Msikilizaji wa simu hana tofauti kubwa na huyo. Lakini kilichorudi ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki nje ndiyo ninayoiona bora zaidi.

Tuanze na hiyo hesabu ya 18, maana imesomwa vibaya. Haina maana kwamba watu milioni 18 walikwenda dukani. RIAA wanahesabu pia usikilizaji wa mtandaoni, na tangu 2016 mara 150 za kusikilizwa zinahesabiwa sawa na nakala moja ya wimbo. Cheti cha leo kwa hiyo ni mchanganyiko wa sahani ndogo za zamani, nyimbo zilizopakuliwa na vidole vilivyogusa kioo. Chati za 1981 na 1982 zinatoa picha nyingine kabisa: "Don't Stop Believin'" iliishia nafasi ya 9 kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani inayotolewa na jarida la Billboard. Katika albamu hiyohiyo, *Escape*, "Who's Crying Now" ilifika nafasi ya 4 na "Open Arms" ya 2. Yaani wimbo ambao leo ndio jina la bendi ulikuwa wa tatu nyumbani kwake. Aliyekuwa kijana 1981, kama ni kumbukumbu tu zinazomwongoza, angeililia zaidi "Open Arms". Hesabu hii peke yake inatosha kumtia shaka mtu wa "wazee wanakumbuka".

Muziki huu ulitoka wapi? Jibu halianzii kwa wanamuziki. Katikati ya miaka ya sitini, tume ya mawasiliano ya Marekani ilizuia vituo vya miji mikubwa kurusha kwenye FM muda wote matangazo yaleyale ya AM. Ghafla kukawa na masafa yenye sauti safi, ya stereo, na hakuna cha kujaza. Watangazaji vijana wakajaza kwa santuri nzima: upande A, kikombe cha kahawa, upande B. Uhuru huo haukudumu. Miaka ya sabini wakaja washauri wa redio, maarufu kati yao Lee Abrams, waliochunguza wanunuzi wa santuri kisha wakawaandikia vituo orodha ya nini kipigwe na mara ngapi. Mtindo huo ukaitwa AOR, redio ya roki inayojali albamu. Jina zuri, na uongo ndani yake, kwa kuwa kufikia 1981 redio hizo zilikuwa zinapiga nyimbo mbili au tatu za kila albamu, asubuhi na jioni, mpaka mtu azijue kama anavyojua njia ya kwao. Bendi zilizofaulu ni zile zilizojua kuandika kwa ajili ya mlango huo mwembamba: REO Speedwagon, ambao *Hi Infidelity* yao ilikaa kileleni wiki 15, Asia, wakongwe wa roki ngumu kueleweka waliopunguza dakika za nyimbo zao na kukaa namba moja wiki 9 mwaka 1982, Survivor, Foreigner, Journey, Toto.

Mlango huo ulikuwa na bawabu pia. Julai 12, 1979, mtangazaji wa redio ya roki mjini Chicago aliwaita mashabiki uwanja wa Comiskey Park walipue santuri za disko katikati ya michezo miwili ya besiboli. Fujo ilikuwa kubwa hata mchezo wa pili haukuchezwa. Wapo wanaosema ilikuwa mzaha wa vijana. Lakini disko ulikuwa muziki wa Wamarekani weusi, wa Walatino na wa mashoga, na mara baada ya hapo vituo vingi vikaiona roki ya wazungu kama biashara isiyo na hatari. MTV, televisheni ya video za muziki, ilipowashwa Agosti 1, 1981, ikaiga orodha za redio hizo, na sura nyeusi zikawa za kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1983 mwimbaji David Bowie alimuuliza mtangazaji wa MTV waziwazi, kamera ikiwaka, kwa nini iko hivyo; majibu aliyopewa yangemfedhehesha mtu yeyote. Mtu anayezipenda albamu hizi, kama mimi, hana budi kukiri kwamba sehemu ya ukubwa wake ilitokana na kuwafungia wengine nje. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya muziki huu, na ajabu ni kwamba ndiyo inayotajwa mara chache.

Inayotajwa sana ni nyingine, ile ya wahakiki wa magazeti ya muziki: kwamba hii ni roki ya ofisini, bidhaa, hesabu za wauzaji, muziki usio na uso. Walikuwa na sababu. Foreigner wangeweza kupita sokoni bila kutambuliwa na mtu. Maneno ya nyimbo mara nyingi ni mepesi, mapenzi na usiku na barabara, barabara na usiku na mapenzi. Na kweli kulikuwa na bendi kadhaa za aina hii ambazo hata ukinilipa sitakumbuka jina la mwimbaji. Lakini shtaka la kwamba kila kitu kilikatwa kwa kipimo kimoja halisimami ukizifungua albamu zenyewe.

Chukua wimbo uleule wa Journey. Kiitikio chake, kile ambacho walevi wa mabara yote wanakijua, hakitokei mpaka wimbo umepita dakika tatu, na wimbo wenyewe ni dakika nne na sekunde kidogo. Kabla ya hapo ni kinanda cha Jonathan Cain, besi inayotembea, gitaa la Neal Schon likikimbia chini kwa chini, na Steve Perry akisimulia watu wawili waliopanda treni ya usiku. (Mmoja ametoka kusini mwa Detroit, mahali ambapo wenyeji watakwambia ni Windsor, nchini Kanada.) Mshauri gani wa redio angeagiza wimbo uliofichwa kiitikio? Msikilizaji wa dansi la Tanzania ataielewa hesabu hii haraka kuliko mhakiki wa New York. Sisi tumekulia kwenye nyimbo zinazoanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa beti baada ya beti, na chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, kikija baadaye, wakati mguu umeshachoka kusubiri. Anayeruka moja kwa moja kwenye chemko hajausikia wimbo. Cain na wenzake walijenga wimbo mzima juu ya subira hiyo, tena katika zama ambazo kidole kilikuwa kwenye swichi ya redio ya gari.

Spika ya gari ndiyo inayonirudisha kwenye hoja yangu. Studio za wakati ule zilikuwa na spika kubwa za gharama, na kando yake spika ndogo hafifu. Fundi alichanganya sauti kwenye kubwa, kisha akahakikisha kwenye ndogo, na kilichopotea kwenye ndogo kilirudishwa kutengenezwa. Aliyeufikisha ufundi huu mbali kuliko wote alizaliwa Mufulira, kwenye ukanda wa shaba wa Zambia, mwaka 1948: Robert John Lange, wengi wanamwita Mutt. Mwaka 1981 alitayarisha albamu *4* ya Foreigner pamoja na mpiga gitaa wao Mick Jones, na albamu ikakaa kileleni wiki 10. Sikiliza "Waiting for a Girl Like You". Vinanda vya Thomas Dolby vinaingia kama ukungu, hakuna ala inayoikanyaga nyingine, na sauti ya Lou Gramm iko karibu mno na sikio. Wimbo huo ulikaa nafasi ya pili wiki 10 bila kupanda hatua moja ya mwisho. Sijui wimbo wenye bahati mbaya ya heshima kama hiyo.

Kisha ikaja *Hysteria* ya bendi ya Def Leppard, Agosti 1987, na hapa ndipo neno "bidhaa" linapoanza kuona haya. Ilichukua takribani miaka mitatu. Jaribio la kwanza na mtayarishaji mwingine lilitupwa. Desemba 31, 1984, mpiga dramu Rick Allen alipata ajali ya gari karibu na Sheffield na kupoteza mkono wa kushoto. Bendi haikumbadilisha. Alijifunza upya kwa dramu za umeme, mguu wa kushoto ukifanya kazi iliyokuwa ya mkono. Lange na wenzake wakarekodi magitaa vipande kwa vipande, mahali pengine uzi mmoja mmoja, na sauti za waitikiaji zikapandwa juu ya nyingine mpaka watu watano wakasikika kama kwaya ya kijiji. Matokeo yake ni nyimbo 12 zenye zaidi ya saa nzima, vibao saba vilivyotolewa peke yake, na safari ya karibu mwaka mzima kabla ya kufika namba moja Marekani. Yupo atakayesema huo si muziki wa roki tena, ni ujenzi. Nakubali ni ujenzi, na sijaona kwa nini ujenzi uwe tusi.

*Toto IV*, albamu yenye "Africa", nimeiacha ije sasa kwa makusudi, maana kwetu ina kesi nyingine. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye gari la watalii tukitoka Arusha kuelekea Karatu. Wageni waliokuwa nyuma walianza kuimba "Africa", na walipofika kwenye mstari unaosema Kilimanjaro unachomoza juu ya Serengeti, dereva alicheka, akapunguza mwendo, akawaonyesha kwa kidole kwamba mlima uko nyuma yetu na mbuga iko mbele. Kati ya Kilimanjaro na mpaka wa Serengeti kuna zaidi ya kilomita 200, na Ngorongoro yote iko hapo katikati. Mlima wenye mita 5,895 hauchomozi juu ya mbuga hiyo hata siku ya anga safi. David Paich, aliyeuandika wimbo huo pamoja na mpiga dramu Jeff Porcaro, alikuwa hajafika Afrika. Alichokuwa nacho ni masimulizi ya walimu wake wa shule ya Kikatoliki waliowahi kuwa wamisionari. Kwa hiyo wapo wanaosema wimbo ni dharau kwetu, na wapo, hasa mitandaoni, wanaoupenda kama kichekesho.

Wenye hoja ya dharau nawasikiliza. Afrika ya wimbo ule ni ngoma za mbali, mbwa mwitu na mvua, haina mwenyeji hata mmoja zaidi ya mzee mmoja wa njiani asiye na jina. Ni bara la ndotoni mwa mvulana wa California. Lakini ukiwauliza watu wa bendi hawajawahi kudai zaidi ya hapo, na wao wenyewe hawakuuamini wimbo huu. Mpiga gitaa Steve Lukather amesimulia mara nyingi kwamba aliapa kukimbia uchi barabara ya Hollywood Boulevard endapo ungepata chati. Ukawekwa wa mwisho, wimbo wa kumi, mahali pa kutupia vitu. Februari 1983 ukawa namba moja Marekani, na mwezi huohuo albamu ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka. Hawa ndio tunaoambiwa kwamba walipanga kila kitu kwa kikokotoo!

Hoja ya kichekesho ndiyo nyepesi zaidi, na ndiyo imetamalaki. Inataka tuamini kwamba watu wamesikiliza kitu zaidi ya mara bilioni kwa kejeli. Mtu husikiliza kwa kejeli mara tatu, labda nne. Mara ya ishirini anapenda. Bendi ya Weezer walipourekodi upya 2018, kufuatia kampeni ya mtandaoni iliyoanzishwa na kijana mwenye umri wa shule, walianza kama watu wanaotania, lakini karibu kila sauti waliipanga ilivyopangwa 1982, kwa sababu ukibadilisha kitu pale jengo linaanguka. Mdundo wenyewe Porcaro na mpiga ngoma Lenny Castro walipiga kwa mikono yao, wakachagua kipande kifupi bora, mafundi wakakata mkanda na kuuzungusha. Mashine ingeweza kufanya kazi hiyo kwa dakika chache, ila isingeyumba kidogo vile. Katika "Rosanna", ule mdundo wa Porcaro unaokokota nusu hatua umekuwa mtihani kwa wapiga dramu mpaka leo, naye alisema wazi alikoutoa: kwa Bernard Purdie, mpiga dramu mweusi wa New York, na kwa John Bonham wa Led Zeppelin.

Hapo tunarudi kwa bawabu. Redio zilijenga ukuta, studio hazikuwa na ukuta wa namna hiyo. Watu haohao wa Toto walikuwa ndani ya *Thriller* ya Michael Jackson: Jeff Porcaro kwenye dramu za "Beat It", Lukather kwenye magitaa yake, Steve Porcaro akitoa muziki wa "Human Nature". Kwenye "Urgent" ya Foreigner, saksafoni inayopasua wimbo katikati ni ya Junior Walker wa Motown, kampuni ya santuri za wanamuziki weusi, mtu ambaye redio zilizompiga siku nzima ndani ya "Urgent" zisingepiga santuri yake mwenyewe hata usiku wa manane. Ninapowasikia watu wakiisifu miaka ile kama enzi ya wimbo kushinda kwa ubora wake, huwa namfikiria Walker. Ubora ulikuwapo. Kilichoamua nani asikike ni orodha.

Basi vipi kuhusu hoja ya kumbukumbu? Kiswahili cha Tanzania kina neno zuri kuliko lugha nyingi: zilipendwa. Limewekwa katika wakati uliopita kwa makusudi. Wimbo ulipendwa, ukapumzika, tunauamsha Jumapili jioni. Nyimbo za Journey na Toto hazijakaa kwenye fungu hilo. "Don't Stop Believin'" ilifufuliwa Juni 2007 na dakika za mwisho za tamthilia ya *The Sopranos*, kisha 2009 na tamthilia ya vijana ya *Glee*, yenye watazamaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa 1981. Mwaka huohuo wa 2007, Journey walipotafuta mwimbaji, Neal Schon alimpata Arnel Pineda wa Manila kupitia video za YouTube alizokuwa akiimba nyimbo hizo kwenye klabu. Huwezi kuita kumbukumbu kitu ambacho anayekipenda hakuwahi kukiishi. Na wanaosema leo hakuna wajuao kuimba wangeangalia kazi ya Lange ilienda wapi: 1997 alitayarisha *Come On Over* ya Shania Twain kwa kanuni zilezile. Max Martin wa Sweden, aliyeandika nusu ya nyimbo za pop ambazo binti yako anazijua, alianzia kama mwimbaji wa bendi ya roki nzito. Ufundi haukufa mwaka 1991 bendi ya Nirvana walipobisha hodi na roki yao ya kukwaruza. Ulibadilisha nguo.

Ninachosikitikia ni albamu. Programu za muziki huhesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30, kisha hupendekeza kile ambacho wengi wamekwisha kupenda, nacho hupendwa zaidi kwa sababu kimependekezwa. Washauri wa AOR walifanya vivyo hivyo kwa simu na karatasi, na ndivyo walivyokibana kituo chao mpaka kikakosa hewa. Tofauti ni kwamba wao walihitaji miaka kumi. Matokeo yake Journey wamekuwa bendi ya wimbo mmoja kwa kizazi kizima, wakati *Escape* ina "Stone in Love", ambayo kwangu ndiyo bora ya albamu, gitaa la Schon likianza kwa furaha ya mtu aliyetoka shule mapema. Fedha zinafuata mkondo huohuo: wimbo uliobahatika unalisha waandishi wake, tisa zilizobaki zinaishi kwa huruma yake. Ndiyo maana ninapoulizwa kuhusu albamu ninazozipenda za aina hii, *4* naiweka juu ya *Escape*. Haina wimbo mkubwa kama ule wa Journey, ila haina wimbo wa kuruka pia, na wa mwisho wake unasikika kama umepewa muda sawa na wa kwanza.

Mwaka 1982 aliyenunua *Toto IV* aliweka "Rosanna" kwanza, akasikiliza nyimbo tano, akasimama, akaigeuza santuri, akapita "Afraid of Love", "Lovers in the Night", "We Made It" na "Waiting for Your Love". Ile ya nne kati ya hizo ina mdundo wa taratibu wa kucheza, karibu na redio za weusi kuliko chochote kingine walichofanya, na mtu wa leo hajawahi kuisikia. Baada yake tu ndipo ngoma za Porcaro na Castro zilipoanza kuzunguka, na aliyekuwa amekaa chini akisubiri alikuwa ameshasafiri zaidi ya dakika 35 kuzifikia.